Leva ya Breki Iliyolegea kwenye Baiskeli ya Milimani: Tafuta Kilicholegea Kabla ya Kushika Spana

Mtu akisema leva ya breki imelegea, anaweza kuwa na maana yoyote kati ya nne. Huenda leva nzima inazunguka kwenye usukani kila akipita juu ya mawe. Huenda klampu, yaani pete inayoifunga leva kwenye usukani, imekaza vizuri, ila sehemu ya kubana kwa kidole inachezacheza kwenye pini yake. Huenda haichezi popote, lakini ukiibana inaenda laini hadi inagusa gripu na baiskeli haisimami. Na huenda ikibanwa inabana, ila ikiachiwa hairudi, inabaki inaning'inia.

Kila moja ya hizo ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Ndiyo maana leva nyingi huishia kuharibiwa na spana na wala si na safari: mwenye baiskeli anaona ulegevu, anakaza bolti ya kwanza anayoiona, ulegevu haukwishi, anakaza tena, mwisho hesi (meno ya bolti na ya tundu lake) zinakatika na sasa ana matatizo mawili. Tumia dakika tano kupima. Mara nyingi kazi yenyewe haitazidi robo saa.

Kupima

Simamisha baiskeli magurudumu yote mawili yakiwa chini. Usiigeuze kichwa chini miguu juu, hasa kama breki zako ni za mafuta, yaani zinazosukumwa na mafuta badala ya kuvutwa na waya. Sababu yake utaiona mbele.

Shika usukani kwa mkono mmoja. Kwa kiganja cha mkono wa pili, sukuma mwili wa leva, yaani ile sehemu iliyofungwa kwenye usukani, kwenda juu kisha chini. Ikigeuka kwa nguvu ndogo ya kiganja, klampu imelegea. Lakini kuna mtego hapa: wakati mwingine kinachogeuka ni usukani mzima ndani ya shingo yake (kipande kinachoushikilia kwenye baiskeli), na leva inafuata tu. Kwa macho huwezi kutofautisha. Chukua kalamu ya rangi, chora mstari mwembamba unaotoka kwenye klampu ya leva na kuendelea juu ya usukani. Chora mwingine unaotoka kwenye usukani hadi kwenye shingo. Sukuma tena. Mstari uliokatika, nusu huku nusu kule, ndio unaokuonyesha mahali pa kukaza. Ukikatika ule wa shingoni, leva haina kosa. Kaza bolti za kifuniko cha shingo kwa kupokezana mshazari, kila moja kidogo kidogo, mpaka kufikia ukazo ulioandikwa hapo.

Baada ya hapo shika ncha ya leva kwa vidole viwili, uitikise juu na chini bila kuibana. Milimita moja au mbili kwenye ncha si ugonjwa, leva nyingi mpya ziko hivyo. Ikicheza kiasi cha kugongagonga na kutoa sauti, tatizo liko kwenye pini.

Mwisho, ibane kwa nguvu kama unayetaka kusimama ghafla. Pedi zinapaswa kushika kabla leva haijafika katikati ya safari yake, au karibu na hapo. Ikigusa gripu, hata ukikaza kila bolti ya usukani hutapata kitu. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya waya au ya mafuta.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Leva inayokaa karibu na gripu hata kabla hujaibana huenda haina ubovu wowote. Leva nyingi zina skrubu ndogo, kwa kawaida ya aleni (spana ya pembe sita) ya milimita 2 au 2.5, inayosogeza leva karibu au mbali ili ilingane na urefu wa vidole. Pengine aliyeiendesha kabla yako alikuwa na mikono midogo. Igeuze, uone leva inavyotoka.

Zana

Huhitaji karakana. Seti ya spana za aleni kuanzia milimita 2 hadi 6, spana ya nyota ya T25 (leva nyingi za SRAM hutumia hiyo), plaisi, bisibisi ya nyota, kitambaa safi, na spiriti ya kusafishia. Ongeza grisi kidogo na gundi ya hesi ya rangi ya bluu. Spana ya kupima ukazo ni nzuri kuwa nayo, na kama usukani wako ni wa kaboni, mimi naihesabu kuwa ya lazima.

Mafuta ya kupulizia yaache kwenye kabati. Tone moja likirukia diski au pedi, breki inaanza kupiga kelele na kuteleza, na pedi zikishanyonya mafuta ni nadra kupona.

Leva inazunguka kwenye usukani

Huu ndio ulegevu unaotokea zaidi, na pia ndio unaotengenezwa vibaya zaidi.

Tafuta bolti ya klampu. Kwenye leva nyingi iko moja tu, upande wa chini au wa mbele, ya aleni ya 4 au 5. Nyingine zina bolti mbili, moja juu na moja chini. Kabla ya kuigeuza, futa matope kwenye tundu la bolti kwa ncha ya msumari mwembamba. Aleni isiyoingia hadi mwisho hushika kwa ncha tu, na hapo ndipo tundu linapoanza kuwa duara.

Usikaze bado. Legeza kwanza robo au nusu mzunguko ili leva iweze kusogea, kwa sababu leva iliyokuwa ikizunguka kwa siku kadhaa haijulikani tena ilikuwa imekaa wapi.

Kaa kwenye siti, au simama juu ya baiskeli ukiwa umepanda, weka mikono kwenye gripu na nyoosha vidole. Vidole vinapaswa kutua juu ya leva bila kifundo cha mkono kupinda. Kwa watu wengi leva inaishia kuinama kuelekea chini kati ya nyuzi 30 na 45 kutoka usawa wa ardhi. Anayeshuka milima mikali huwa anapenda iwe imelala zaidi kuelekea usawa wa ardhi, kwa kuwa mwili wake unakuwa nyuma na vifundo vinashuka. Usiige baiskeli ya mwenzako, mikono yako ndiyo itakayochoka.

Halafu angalia kushoto na kulia. Wengi huacha leva imesukumwa hadi kwenye gripu, kwa hiyo kidole cha shahada kinatua katikati ya leva badala ya mwisho wake. Sogeza leva ndani, kuelekea katikati ya usukani, mpaka kidole kimoja kikae kwenye mpindo wa nje wa leva. Nguvu inaongezeka bila kununua chochote, kwa sababu unabana mbali zaidi na pini. Hakikisha tu leva haigongani na leva ya gia.

Sasa kaza. Namba ya ukazo huwa imechapwa karibu na bolti, kwa mfano "5 Nm" (Nm ni nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na kwa leva nyingi za milimani iko kati ya Nm 3 na Nm 8. Ifuate. Kama huna spana ya kupimia, hesabu ni rahisi: ukiwa na aleni yenye mkono wa sentimita 10, uzito wa kilo 5 ukining'inia mwishoni unakupa karibu Nm 5. Hiyo ni nguvu ya vidole viwili au vitatu, si ya bega. Shika aleni karibu na mpindo wake badala ya mwishoni, na simama pale unapoanza kuhisi bolti inakataa.

Kama klampu ina bolti mbili, angalia nafasi inayobaki kati ya vipande viwili vya klampu. Baadhi ya watengenezaji wanataka nafasi ilingane juu na chini, wengine wanataka upande mmoja ufungwe kabisa kwanza kisha ukazie wa pili. Mara nyingi alama ndogo au mshale kwenye klampu hukuonyesha. Usipoona alama, linganisha nafasi na pokezana bolti robo mzunguko kwa robo.

Kuna jambo ambalo mafundi hawakubaliani, nami nina upande wangu. Wapo wanaokaza leva mpaka isigeuke hata kwa nyundo. Mimi nasema iache iweze kugeuka kwa kiganja ukisukuma kwa nguvu kweli, lakini isisogee kwa kubana wala kwa mtikisiko. Baiskeli ya milimani huanguka, na ikianguka leva ndiyo inayogusa ardhi kwanza. Ikigeuka, unairudisha na kuendelea. Ikikataa kugeuka, inavunjika, na unateremka mlima na breki moja.

*Umekaza kwa ukazo sahihi na bado inateleza?*

Usiongeze nguvu, tafuta sababu. Fungua klampu kabisa. Zenye bawaba hufunguka na kutoka zenyewe. Zisizo na bawaba zinadai uvue gripu kwanza. Gripu yenye bolti inalegezwa, na ile ya kuvutwa huachia ukiingiza spiriti chini yake na kuizungusha.

Paka spiriti kwenye kitambaa, futa usukani na ndani ya klampu. Utashangaa jasho, grisi na vumbi vinavyotoka. Chuma kikavu juu ya chuma kikavu hushika. Grisi hapo haina kazi. Kwa usukani wa kaboni, paka mafuta mazito maalumu ya kaboni yenye chembechembe kama mchanga laini. Yanashika bila kulazimisha ukazo mkubwa, na ukazo mkubwa ndio unaopasua kaboni. Ukiona kaboni ina ufa, imebonyea au ina nyuzi zilizochomoza mahali klampu ilipokaa, usukani huo umekwisha kazi.

Kagua kipimo pia. Usukani wa baiskeli za milimani una kipenyo cha milimita 22.2 sehemu ya gripu na leva. Usukani uliopinda wa baiskeli za barabarani una takriban 24. Leva ya barabarani ikifungwa kwenye usukani wa milimani itaendelea kuteleza hata ukiikaza mpaka klampu ijifunge kabisa. Dalili yenyewe iko wazi: mdomo wa klampu umefunga, chuma kimegusana, na leva bado inageuka. Wapo wanaofungia kipande cha kopo la soda katikati. Kitakufikisha nyumbani. Zaidi ya hapo sikiamini, kwa sababu hukunjika na kulegea bila kutoa taarifa.

Klampu iliyotanuka kutokana na kukazwa mno nayo hufunga mdomo kabla ya kushika. Usiichonge kwa tupa ili ipate nafasi. Badilisha klampu kama inauzwa peke yake, la sivyo badilisha leva.

*Bolti inazunguka bila kukaza*

Hesi zimekatika. Itoe bolti uitazame: ukiona uzi mwembamba unaong'aa umejiviringisha kwenye meno yake, hizo ni hesi za klampu, alumini laini iliyong'olewa na bolti ya chuma kigumu. Bolti mpya haitasaidia kitu. Fundi anaweza kutoboa na kuingiza hesi za springi, kazi nzuri inayodumu kama mwili wa leva una unene wa kutosha. Kwa leva ya bei ndogo ni afadhali kununua nyingine.

Kama kilichoharibika ni tundu la aleni juu ya bolti, jaribu kugongea taratibu spana ya nyota iliyo kubwa kidogo kuliko tundu, kisha fungua. Ikitoka, itupe na uweke mpya ya urefu uleule. Iliyo ndefu zaidi hugota mwisho wa tundu ukadhani umekaza, kumbe klampu haijabanwa.

Leva inacheza kwenye pini

Safisha pale leva inapoungana na mwili wake, kisha itikise huku ukitazama kwa karibu. Ukiona uji mweusi wa kijivu unatoka pembeni mwa pini, hiyo ni alumini iliyosagika ikichanganyika na vumbi. Bushi (kibomba kidogo ambamo pini huzunguka) imekwisha au tundu limeanza kuwa yai.

Leva nyingi za waya zina bolti inayopita katikati na nati ya kufungia upande wa chini. Legeza nati. Kaza bolti kidogo kidogo mpaka mchezo uishe, kisha irudishe nyuma kidogo sana, hadi leva iweze kufunguka yenyewe kwa springi. Shika bolti isizunguke na kaza nati. Ibane mara kumi. Ikiwa inakwama njiani, umekaza mno.

Isiyo na nati, toa bolti, futa kila kitu, paka grisi kidogo kwenye bushi, na tone moja la gundi ya bluu kwenye hesi tu. Gundi ikiingia kwenye bushi leva itakuwa nzito. Mchezo wa juu na chini mara nyingi huisha ukiongeza washa (pete bapa) nyembamba ya plastiki au shaba kati ya leva na mwili. Kama tundu lenyewe limekuwa yai, au pini imegongelewa isitoke, badilisha leva.

Kwa leva za mafuta nakuomba uwe mwangalifu. Kwenye nyingi kati yake pini imeungana na fimbo inayosukuma pistoni ya ndani, na ukiitoa bila kujua unaweza kuishia na mafuta mezani. Mchezo mdogo pale ni wa kawaida. Uache.

Na leva iliyopinda baada ya kuanguka? Usiinyooshe kwa bomba. Alumini ikishapinda na kurudishwa inaweza kubaki na ufa usioonekana, na kuachia siku unayoihitaji kweli. Hata ile iliyovunjika ncha yake ya mviringo ibadilishe, maana ncha hiyo iliwekwa ili leva isikuchome ukiangukia usukani.

Leva laini inayofika kwenye gripu: breki za waya

Anza na kitu cha kijinga. Kwenye breki za mikono miwili zinazobana rimu, kuna kibomba kilichopinda ambacho waya hupitia. Hunasuliwa wakati wa kutoa gurudumu, na mara nyingi husahauliwa. Kikiwa nje ya kishikio chake, leva inaenda hadi gripu bila upinzani wowote. Kirudishe, na huenda kazi imeisha.

Kama kipo mahali pake, tazama pedi. Zikiwa zimelika mpaka kwenye mstari wa ukomo, au mifereji yake imefutika, badilisha kwanza. Hakuna sababu ya kurekebisha waya kwa pedi unazozitupa kesho.

Pedi zikiwa nzima, nenda kwenye kirekebishio cha waya pale waya unapoingia kwenye leva, ile skrubu nene yenye tundu katikati. Legeza pete yake ya kufungia, kisha zungusha kirekebishio kinyume cha saa, kitoke nje. Waya unakaza. Zungusha nusu mzunguko, bana, pima, endelea. Ukiridhika rudisha pete ikaze dhidi ya mwili wa leva.

Kwenye leva nyingi, kirekebishio, pete na mwili wa leva vina mpasuko wa kupitishia waya wakati wa kuutoa. Ukimaliza, mipasuko hiyo isiwe kwenye mstari mmoja. Ikilingana, waya unaweza kuchomoka siku ukilegea kidogo.

Ukiona zaidi ya nusu ya hesi za kirekebishio ziko nje, umeshavuka mpaka. Kinashikiliwa na meno machache na kitavunjika. Hapo kaza waya kwenye breki yenyewe:

1. Rudisha kirekebishio ndani chote, kisha kitoe mizunguko miwili ili ubaki na nafasi ya kurekebisha baadaye.
2. Bana mikono ya breki kwa kiganja mpaka kila pedi ibaki milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye rimu.
3. Legeza bolti inayoshika waya, kwa kawaida aleni ya 5. Vuta waya kwa plaisi mpaka uwe umenyooka, usivutwe kwa nguvu.
4. Kaza bolti, Nm 6 hadi 8 kwa breki nyingi za aina hii.
5. Bana leva kwa nguvu zote mara kumi, kisha pima tena. Karibu kila mara utakuta imelegea kidogo.

Hiyo hatua ya tano ndiyo inayorukwa. Waya mpya hulegea siku za mwanzo hasa kwa sababu maganda (mirija inayoufunika) na vikofia vyake vinajikalia mahali pake. Ukivilazimisha vikae ukiwa karakanani, havitafanya hivyo ukiwa mteremkoni.

Pedi moja ikigusa rimu na nyingine ikiwa mbali, geuza skrubu ndogo ya springi pembeni mwa mkono wa breki: kukaza kunasogeza pedi ya upande huo mbali na rimu. Na hakikisha pedi inagusa rimu tu. Ikipanda kwenye tairi italitoboa.

Breki ya diski inayovutwa kwa waya ina tabia yake. Kwenye nyingi, pedi moja tu ndiyo inayosogea. Nyingine imesimama na inasogezwa kwa kitasa au aleni upande wa ndani wa kalipa, yaani sehemu inayobeba pedi. Watu husahau hiyo pedi iliyosimama na kuendelea kukaza waya tu. Diski inapinda kuifuata kila wanapobana, na leva inakuwa laini. Sogeza kwanza pedi iliyosimama mpaka ikaribie diski bila kuigusa, ndipo ushughulikie waya.

Leva ambayo bado ni laini baada ya yote haya inaweza kuwa ya jamii tofauti na breki yake. Breki za mikono miwili ya kubana rimu zinahitaji leva inayovuta waya mrefu. Breki nyingine za zamani zinahitaji inayovuta mfupi. Leva ya kuvuta mfupi kwenye breki ya kuvuta mrefu inafika kwenye gripu kabla ya pedi kushika. Hakuna skrubu ya kurekebisha hilo.

Haitaki kurudi

Nasua waya kwenye breki na bana leva peke yake. Ikirudi vizuri, tatizo liko kwenye waya au kwenye springi za breki. Ikikwama, liko kwenye pini. Waya wenye kutu, wenye uzi uliokatika, au ganda lililovunjika mahali lilipokunjwa, vitoe. Ganda la breki liwe la breki kweli, lenye chuma kilichosokotwa kama springi. Ganda la gia lina nyuzi zilizolala kwa urefu, na ukibana kwa nguvu linaweza kupasuka.

Leva laini: breki za mafuta

Hapa hakuna waya wa kukaza, kwa hiyo soma leva inavyojibu. Ibane haraka haraka mara kadhaa. Ikianza kuwa ngumu kadiri unavyobana, ama kuna upepo ndani ama pedi zimelika. Ibane na uishikilie kwa nguvu: ikizama taratibu kuelekea gripu, kuna mahali mafuta yanapita, nje au ndani kwenye sili.

Futa kila kiungo kwa kitambaa cheupe: leva, mahali mpira wa mafuta (bomba laini linalopitisha mafuta) unapoingia, kalipa. Doa lolote la mafuta kwenye kitambaa ni jibu tosha, na baiskeli hiyo isipandwe mpaka itengenezwe.

Kisha angalia pedi. Zikibaki na unene wa nusu milimita ya sehemu ya kusugua, bila kuhesabu bati lake la nyuma, badilisha.

Ikiwa leva ililainika baada ya baiskeli kulazwa au kugeuzwa kichwa chini, upepo mdogo uliokuwa kwenye hifadhi ya mafuta umeingia kwenye mpira. Isimamishe, hakikisha leva iko juu kuliko vyote, na bana taratibu mara nyingi. Wengine huifunga leva ikiwa imebanwa kwa kamba ya mpira usiku kucha, asubuhi inakuwa ngumu. Inasaidia kweli, lakini upepo haujatoka kwenye mfumo, umepanda juu tu. Dawa ni kutoa upepo kwa vifaa vya breki hiyo.

Ukifika huko, soma kilichoandikwa kwenye leva kabla ya kumimina chochote. Shimano, Magura na Tektro hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM, na za Hope, hutumia mafuta ya DOT (aina nyingine ya mafuta ya breki, isiyo ya madini), ingawa SRAM nayo ina aina zinazotumia ya madini. Ukikosea, sili zinavimba au kuharibika na breki nzima inakwenda na maji. DOT pia hula rangi ya baiskeli na kuunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu.

Na usibane leva ya mafuta gurudumu likiwa nje. Pistoni zitasogea mpaka zikutane na diski haitaingia. Weka kipande cha plastiki kilichokuja na breki kati ya pedi.

Kujaribu

Jua kwanza leva ipi ni ya mbele. Uingereza na Japani kwa kawaida ni ya mkono wa kulia, Marekani ni ya kushoto, na baiskeli iliyosafiri huja na mpangilio wa kwao.

Bana kila leva kwa nguvu zako zote kwa sekunde kumi. Isizame, isigeuke, isilie. Kisha simama pembeni ya baiskeli, bana ya mbele na uisukume mbele: gurudumu la nyuma linyanyuke. Bana ya nyuma na usukume: tairi liburuzike bila kuzunguka. Geuza usukani kushoto na kulia hadi mwisho, uone kama waya au mpira wa mafuta unavutika.

Ndipo upande, mwendo wa mtu anayetembea, ardhi tambarare na kavu. Simama kwa breki ya nyuma, halafu ya mbele, halafu zote. Ongeza mwendo kidogo na urudie. Kama umeweka pedi au diski mpya, zinahitaji kusimamishwa taratibu mara kumi ishirini kutoka mwendo wa wastani kabla hazijashika sawasawa, kwa hiyo usizihukumu kwa kubana mara moja.

Ile mistari ya kalamu uliyochora mwanzo ifute, uchore upya kwenye nafasi mpya. Baada ya safari ya kwanza yenye mitikisiko itazame: ikiwa bado imeungana, klampu imeshika. Ikiwa imekatika, rudi kwenye spiriti na kipimo cha usukani, na aleni uiache mfukoni kwanza.